Vyombo Vilivyopita Busia: Kutoka Redio ya Mawe Hadi Simu ya Mkononi

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka polepole)

Karibu tena katika kipindi chetu, wewe uliye Kiryandongo, wewe uliye Nakivale, wewe uliye Kakuma, na wewe uliye Nyarugusu. Na kama husikilizi bali unasoma karatasi hizi ulizoazimwa na jirani, karibu pia. Maneno ni yale yale.

Leo tunazungumza historia, lakini si historia ya marais na majenerali. Ni historia ya vyombo vya kila siku: redio, baiskeli, taa na simu. Na mahali tutakapotembelea ni kwetu Kirewa, wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Ukiondoka Kirewa alfajiri kwa baiskeli, mchana umefika mpaka wa Kenya, ama Malaba ama Busia.

Nimechagua Kirewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: ndiko nilikokulia. Ya pili ni nzito zaidi. Watu wa upande ule wamewahi kukimbia makwao, na wamewahi kuwapokea waliokimbia. Kwa hiyo kila chombo kipya kilichofika pale kilipita mikononi mwa watu wenye haraka, wenye hofu, na wenye pesa kidogo. Utakaposikia walivyokitumia, naomba ubaki na neno hili moja: chombo hubuniwa kiwandani, lakini kazi yake hubuniwa na mwenye shida.

Tuanze na redio.

(Muziki mfupi)

Redio ya baba yangu ilikaa juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi mama. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Taarifa ya habari ilipokaribia, majirani walianza kuingia mmoja mmoja, wazee wakakaa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, sisi watoto chini karibu na mlango. Baba alikunja kitambaa, akazungusha kitufe, na nyumba nzima ikanyamaza.

Redio za zamani zaidi zilikuwa kubwa kama sanduku, na zilitaka umeme au betri ya gari. Kilichozileta kijijini ni kitu kidogo kinachoitwa transista, kilichobuniwa Marekani mwaka 1947. Kuanzia mwaka 1954 redio ndogo za transista zikaanza kuuzwa huko, na baada ya miaka michache zikafika kwetu. Mwaka huo huo wa 1954 Uganda ikapata huduma yake ya utangazaji. Juni 1957 BBC ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Sisi wa mpakani tulikuwa na bahati ya pekee: tulisikia Redio Uganda upande huu na Sauti ya Kenya upande ule. Serikali moja ikinyamazia jambo, mara nyingine tulilisikia kwa jirani.

Mwaka 1954 pia bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja. Nyaya zake zilipita Tororo zikaenda Kenya. Vijiji vingi vya njiani viliuona umeme huo ukipita juu ya vichwa tu, haukushuka. Kwa hiyo redio yetu iliishi kwa betri. Wengine waliziita mawe. Zilizopendwa zilikuwa Eveready, zile zenye picha ya paka, zilizotengenezwa Nakuru. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2014, lakini mtu wa rika langu akiona picha ya yule paka bado anasikia muziki wa taarifa ya habari.

Betri zilikuwa ghali, na hapo ndipo watu walipoanza kuwa mafundi. Zikichoka, zilitolewa na kuanikwa juani, juu ya bati au juu ya jiwe. Jioni redio iliongea tena, labda kwa nusu saa. Haukuwa ushirikina. Nguvu ya betri ile hutoka kwenye kemikali zilizomo ndani. Zikipumzika na kupata joto kidogo, hufanya kazi tena kwa muda mfupi. Bibi yangu hakuwahi kuingia darasa la kemia, lakini alijua ni saa ngapi za jua zinatosha, na alijua kwamba betri haiwekwi motoni, kwa sababu hupasuka. Kila nyumba ilikuwa na elimu yake namna hiyo, na hakuna aliyeiita elimu.

Sasa nikusimulie kwa nini betri zile zilikuwa na thamani kwetu kuliko sukari.

Mwaka 1977 mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alivuka kwenda Kenya usiku. Ulikuwa wakati wa Idi Amin. Mwezi wa Februari mwaka ule Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa ameuawa, na watu wengi, hasa waliosoma, waliona kwamba zamu yao imekaribia. Mjomba hakuaga. Barua tuliziogopa, kwa kuwa hukujua ni nani angeifungua kabla yako. Miezi ikapita. Bibi, mama yake, hakujua kama mwanawe yu hai.

Kisha jioni moja tulikuwa tukisikiliza kipindi cha salamu cha Sauti ya Kenya. Vijana hamkuzijua salamu zile. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu, akaituma kwa posta, na mtangazaji akaisoma hewani. Tuliposikiliza, mtangazaji akasoma kwamba msikilizaji mmoja aliyeko Bungoma anamsalimu Mama Kuku Mweusi na wote walioko nyumbani.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyeitwa Mama Kuku Mweusi. Ni mjomba peke yake aliyemtania bibi kwa jina hilo, kwa sababu ya kuku mmoja aliyekataa kumuuza hata alipopewa bei nzuri. Mama alishika mdomo. Bibi hakulia wala hakucheka. Alisema tu, "Zimeni redio. Mawe yasiishe. Huenda kesho akasalimu tena."

Ndugu msikilizaji, waliotengeneza redio ile hawakuitengeneza iwe barua ya siri ya mkimbizi kwa mama yake. Kazi hiyo aliibuni mjomba, kwa kadi ya posta na utani wa nyumbani.

Redio pia inaweza kufanya kazi mbaya. Wengi wenu mnaotoka Rwanda, Burundi na Kongo hamhitaji kukumbushwa. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Mwaka huo huo, kule Bukavu, ilianzishwa Redio Agatashya, iliyowatangazia watu wa eneo hilo, wakimbizi wakiwemo, habari za kuaminika badala ya chuki. Na BBC ikaanza kipindi kwa Kinyarwanda na Kirundi, kikaitwa Gahuzamiryango, yaani kinachokutanisha familia. Watoto waliopotezana na wazazi wao walitafutwa kwa kutajwa majina hewani. Chombo kilikuwa kile kile. Waliokishika ndio waliotofautiana.

Katikati ya miaka ile ya 1990 ikaja redio ya kuzungusha kwa mkono. Aliyeibuni ni Mwingereza, Trevor Baylis, baada ya kutazama kwenye televisheni habari za ukimwi barani Afrika na kusikia jinsi ilivyo vigumu kuwafikishia watu ujumbe mahali ambapo betri na umeme havipatikani. Unazungusha mkono wake, inaongea. Wengine mliiona kambini. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka bibi na betri zake juani. Kile alichokuwa akihangaikia tangu zamani, mtu wa mbali alikuwa amekisikia hatimaye.

(Muziki mfupi)

Tuje kwenye baiskeli.

Kwetu mwenye baiskeli alikuwa mtu wa heshima. Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya China, Hero ya India, zote nyeusi, nzito, zenye keria ya chuma nyuma. Ilibeba magunia ya pamba, maji, mgonjwa kwenda zahanati, bibi harusi kwenda kwake, na maiti kurudi nyumbani. Fundi wa baiskeli alikaa chini ya mwembe na karai la maji. Tairi ikitoboka, alitumbukiza mpira majini, akatazama mapovu yanatoka wapi, akapiga kiraka. Tairi ikichanika kabisa, haikutupwa: iligeuzwa kamba au ndara.

Lakini kazi kubwa ya baiskeli ilibuniwa mpakani. Wasimulizi wengi wanakubaliana kwamba ilianza Busia, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya kulikuwa na kipande cha njia ambacho abiria alilazimika kukitembea kwa miguu, mzigo kichwani. Gari kuvuka ilihitaji makaratasi mengi. Baiskeli haikuhitaji. Vijana wakafunga mto juu ya keria, wakasimama njiani, wakaita kwa Kiingereza chao cha mpakani: "Boda! Boda!" Maana yake ni mpaka kwa mpaka.

Hebu tazama neno hilo lilivyosafiri. Limefika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Juba. Baiskeli zikawa pikipiki kuanzia miaka ya 1990, jina likabaki lile lile. Leo kijana wa Mwanza anasema anapanda bodaboda, na hajui kwamba anataja njia fupi iliyoko Busia. Hakuna kampuni iliyoanzisha usafiri huo. Uliletwa na vijana waliotazama watu wakihangaika na mizigo, wakaona keria iliyo tupu.

Ndugu zangu wa Kivu, najua mnatabasamu, kwa sababu nanyi mnayo yenu. Chukudu, ile gari ya mbao yenye magurudumu mawili, inayoteremka kutoka milimani hadi Goma ikiwa imejaa viazi, kabichi na makaa, ni kazi ya mikono yenu wenyewe. Haikununuliwa dukani. Pale Goma imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Ni miji michache iliyomwekea mbeba mizigo sanamu.

Baiskeli ilitubeba pia katika miaka migumu. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, na maduka mengi yakafungwa au yakapewa watu wasiojua biashara. Chumvi, sabuni, sukari na mafuta ya taa vikawa adimu. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Mkulima wa Uganda alilipwa kwa shilingi zisizonunua kitu. Ndipo magendo yakashamiri. Kahawa ilivuka usiku, kwa baiskeli, kwa punda na kwa vichwa vya watu, hadi masoko kama Chepkube, upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Ikarudi sabuni, ikarudi blanketi. Wapo waliopigwa risasi njiani. Tunapokumbuka zamani kwa kuitamani, na hilo tulikumbuke. Baiskeli iliyotuletea chumvi iliwaacha watoto wengine bila baba.

Na mafuta ya taa yalipokosekana, giza lilikuwa giza kweli. Wengi mlikuwa na koroboi. Watanzania huiita kibatari, Waganda tadooba. Ni kopo la maziwa lenye utambi wa pamba au wa kitambaa, linalotoa moshi mweusi unaopaka pua za watoto. Aliyeweza alikuwa na fanusi ya kioo. Karabai, ile taa ya kupigwa pampu, ilionekana harusini na matangani tu. Hata kiberiti kilikuwa mali. Bibi alifunika kaa la moto kwa majivu usiku, asubuhi akalifukua likiwa hai. Likizimika, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae cha chungu kwenda kuomba moto. Ukikosana na jirani, uliomba moto wapi? Kwa hiyo ugomvi ulimalizwa kabla ya jua kuzama.

Leo unabonyeza taa ndogo ya sola na mtoto anasoma bila moshi. Mimi siwezi kukuambia kwamba koroboi ilikuwa bora. Ilichoma nyumba, iliunguza watoto, iliumiza macho na vifua. Nisichotaka tusahau ni ule mlango wa jirani.

(Muziki mfupi)

Sasa simu.

Zamani simu ilikuwa posta, mjini. Mpaka mwaka 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ulipanda baiskeli hadi Tororo, ukapanga foleni, ukapiga kelele kwenye kibanda mpaka watu wote wakajua shida zako. Wengi wetu tulitumia njia rahisi zaidi: barua mkononi mwa kondakta wa basi, iliyoandikwa kwenye bahasha, "Kwa hisani ya mchukuzi."

Simu za mkononi zilianza Uganda mwaka 1995, zikiwa za matajiri. Mwaka 1998 MTN ikaingia, na polepole kadi za kukwangua zikaonekana hata dukani kijijini. Mwaka 2003 ukaja mpango wa simu ya kijiji, ulioigwa kutoka Bangladesh. Mtu, mara nyingi mwanamke, alikopa pesa akapata simu, antena ndefu na betri ya gari ya kuichajia, akawauzia majirani dakika za kupiga. Ukimpigia mtu wa Kirewa miaka ile, ulimpigia mama mwenye simu kwanza. Alikuambia, "Subiri, nimtume mtoto akamwite." Ulikata, ukangoja, ukapiga tena.

Na hapo ndipo watu walipofanya maajabu. Pesa ya simu haitoshi? Unapiga mara moja, unakata kabla hajapokea. Wengine husema kubipu, wengine kuflashi. Mkikubaliana, mlio mmoja ni "nimefika salama," miwili ni "nipigie." Ujumbe umekwenda, senti haijakatwa. Kampuni hazikuuza huduma hiyo. Wasio na salio ndio walioibuni.

La ajabu zaidi lilikuwa hili. Mtu alifanya kazi Kampala, mama yake yuko kijijini, na benki hakuna. Alinunua kadi ya kukwangua, hakuiingiza kwenye simu yake. Alimpigia mama mwenye simu ya kijiji, akamsomea zile namba. Yule mama akaziingiza kwenye simu yake ya biashara, akakata kamisheni yake, na kiasi kilichobaki akampa mama mzazi mkononi, noti taslimu. Pesa ilikuwa imesafiri kutoka Kampala hadi kijijini ndani ya namba za kadi.

Fikiri ndugu yangu. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi wa Machi 2007, na Uganda ilipata huduma yake ya pesa kwa simu mwaka 2009. Watu wa vijijini walikuwa wameshaanza. Hata M-Pesa yenyewe, ilipojaribiwa Kenya kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Waliopewa kuijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na wenye huduma wakafuata mahali watu walipokuwa wameelekea.

(Kimya kifupi)

Nimefika mahali ambapo historia hii inakugusa wewe hasa.

Mwisho wa Desemba 2007 Kenya ilichafuka baada ya uchaguzi. Maelfu ya watu walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Watu wa Tororo walitazama na kustaajabu, kwa sababu miaka thelathini nyuma ni wao waliokuwa wakivuka kwenda kule. Wakimbizi wale walipelekwa kambi ya muda ya Mulanda, si mbali na Kirewa, na baadaye mwaka 2008 wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Barabara na reli kutoka Mombasa zilizibwa, petroli ikaadimika Uganda. Ndani ya Kenya kwenyewe maduka yalifungwa, na watu wakawatumia ndugu zao salio ili wapate angalau kupiga simu moja.

Nilifika Mulanda siku hizo. Nilimkuta mama mmoja ameketi na watoto wawili. Simu yake ilianguka alipokuwa akikimbia. Majirani walikuwa tayari kumwazima simu, salio lilikuwepo, mtandao ulikuwepo. Lakini hakuwa na namba hata moja. Zote zilikuwa ndani ya ile simu iliyopotea. Namba pekee aliyoikumbuka kichwani ilikuwa yake mwenyewe. Aliipiga mara nyingi, ikawa haipatikani.

Kando yake alikaa mzee mmoja na daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Vijana walikuwa wamemcheka, kwamba mzee huyu hajui kuhifadhi namba kwenye simu, anaandika kwa kalamu. Ndani ya daftari lile kulikuwa na majina ya kijiji kizima: mwalimu, mwenye duka, mchungaji, dereva wa matatu. Yule mama alipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akafika kwa mwenye duka. Wakapiga. Mwenye duka alikuwa amejificha Eldoret, na alijua dada yake yule mama alikokimbilia. Kabla ya jioni dada wawili walikuwa wanazungumza, wote wakilia, na mzee amekaa na daftari lake magotini kama afisa wa posta.

Ndugu msikilizaji, chombo kipya kilikuwa kimebeba kumbukumbu za yule mama zote, na kilipopotea kikaondoka nazo. Chombo cha zamani, karatasi na kalamu, kikazirudisha. Sisemi tuache simu. Bila simu, daftari lile lisingemfikisha kwa dada yake siku ile. Vyote viwili vilihitajiana.

Kwa hiyo kabla hatujaagana, nina mambo matatu ya kukuomba.

La kwanza, leo hii chukua karatasi, uandike namba tano za watu usiotaka kuwapoteza. Andika na jina la mahali wanapoishi. Weka karatasi moja pamoja na kadi yako ya mgao, nyingine mpe mtu unayemwamini. Mfundishe kila mtoto wako namba moja ya kukariri, kama tulivyokariri majina ya babu zetu.

La pili, kama kuna ndugu uliyepotezana naye na huna namba yake, Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu katika kambi nyingi bado wana njia ya kutafuta watu, na wana barua fupi za habari za familia zinazopelekwa bila malipo. Ni barua kama zile za kondakta wa basi. Simu hazijazifuta. Waulize wahudumu wa kambi mahali pa kuanzia.

La tatu, jioni hii kaa na mzee mmoja wa jirani. Muulize: ulipokimbia, ulibeba chombo gani, na kwa nini kile? Mmoja atakuambia sufuria. Mwingine redio. Mwingine cherehani, kichwa tu, meza akaiacha. Sikiliza alivyokitumia baadaye, katika nchi ya watu, kupata chakula na kupata habari. Liandike jibu lake. Mambo hayo hayako kwenye vitabu, na wanaoyajua wanazidi kupungua.

Mara nyingi unaambiwa kwamba wewe ni mtu wa kupokea: unapokea mahindi, unapokea turubai, unapokea taa ya sola. Ni kweli unapokea, na shukrani ni jambo jema. Lakini kumbuka bodaboda ilianzishwa na nani. Kumbuka ni nani aliyetuma pesa ndani ya namba za kadi, kabla ya kampuni kujua kwamba inawezekana. Walikuwa watu wa mpakani, wenye mizigo kichwani na pesa kidogo mfukoni, watu kama wewe. Sasa hivi hapo ulipo kuna kijana anayefungua redio mbovu kwa bisibisi aliyoinoa kwa jiwe. Usimfukuze. Mletee na nyingine.

Mjomba alirudi nyumbani baada ya Amin kuanguka mwaka 1979. Alileta zawadi moja kwa bibi, kutoka Bungoma: betri nne mpya, zenye picha ya paka. Bibi alizifunga kwenye kitambaa, akaziweka sandukuni, na hakuzitumia kamwe. Tulipomuuliza anaziwekea nini, alisema zile si za redio.

Ukiwa na hadithi ya chombo ulichokibeba, tuandikie au mwambie mwakilishi wetu katika kambi yako, nasi tutaisoma hewani. Mpaka wiki ijayo, kwaheri ya kuonana.

(Muziki wa kufungia)